Mtori wa Mzazi Asiye na Mtoto

Mama,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini nikianza kuongea na wewe bila shikamoo naona kabisa unavyonikunjia uso.

Mama, naogopa. Nakuambia wewe kwa sababu mume wangu nikimwambia anatoka nje kwenda kuchezea kufuli ya mlango, hajui ashike wapi. Tumbo limeshuka, nesi amesema ni wiki hii. Mtoto akitulia kidogo tu, jasho linanitoka. Nambonyeza, nambonyeza mpaka apige teke, ndipo napumua. Yule wa kwanza alitulia hivyohivyo, na mimi nikadhani amelala.

Tangu tukuzike kule Kilema tumehamia mjini, chumba kimoja Majengo. Mume wangu anauza mitumba, siku za soko anapanda nayo Sanya Juu. Na yule mbuzi uliyekuwa unamnenepesha kwa ajili ya uzazi wangu, alichinjwa siku ya mazishi yako. Waombolezaji walikuwa wengi, wangekula nini? Mimi sikuonja. Nilikaa jikoni nikijiuliza, sasa nikijifungua nani atanilisha? Mama mkwe naye alishatangulia.

Chumba cha pili anakaa Bi Zuhura, Mwislamu, mzaliwa wa hapahapa mjini, na ana mdomo huyo! Aliposikia sina mama akasema basi atanipikia yeye. Jana kajaribu mtori wetu wa ndizi na nyama. Mama, katia nazi. Nazi kwenye mtori! Ungekuwepo ungemnyang'anya mwiko. Nimekula wote, tukacheka mpaka akaniambia nipunguze, nisije nikazaa palepale jikoni.

Lakini nikibaki peke yangu naukumbuka mtori wako. Nilirudi kwako kutoka hospitali mikono mitupu, maziwa yanavuja, nikataka kushika jembe kama kawaida. Ukanirudisha kitandani. Majirani wakanong'ona, uzazi gani huu usio na mtoto? Ukawajibu, "Amezaa. Mzazi ni mzazi." Ukanilea miezi mitatu kamili, mtori, nyama, maziwa, kama wazazi wengine wote. Na kila ukiweka bakuli unasema kwa sauti, "Asante Mungu kwa leo."

Neno lile lilinikera, Mama. Lilinikera kweli. Asante ya nini? Siku moja nikakuuliza kwa hasira, "Kwani wewe huumii? Huogopi?" Bakuli likakuponyoka, mtori ukakumwagikia kwenye khanga. Ukasema, "Naogopa sana, mwanangu. Ndiyo maana nashukuru kwa sauti, masikio yangu mwenyewe yasikie."

Sikuelewa. Nilidhani amani ni ya watu wasioogopa, kama mapadri na masista. Wiki nzima hii nimeishika rozari yako na kumbana Mungu: niahidi, niahidi atakuwa mzima. Hakuniahidi kitu, nami nikazidi kuchanganyikiwa. Leo asubuhi nikachoka kumbana. Nikamwambia tu, Wewe upo, mimi nipo, na mtoto leo yupo. Asante. Niliisema kwa sauti, kama wewe. Hofu haijaondoka, Mama, nisikudanganye. Ila chini yake kuna mahali pametulia, na ndipo nilipokaa hivi ninavyokuandikia.

Mtoto... subiri kidogo.

Ndiyo hayo, uchungu umeanza. Bi Zuhura anajifunga khanga yake huku ananipigia kelele, "Wewe Manka, barua gani hiyo saa hizi!" Mume wangu kaenda kutafuta gari. Mkono wangu hauandiki vizuri, utanivumilia.

Pumzika kwa Bwana, Mama yangu. Nakuahidi hili moja tu. Nikirudi na mtoto, nitakaa uzazi. Nikirudi bila mtoto, nitakaa uzazi vilevile, nitakula nitakachowekewa, na nitamshukuru Mungu nikisikika mpaka chumba cha pili.

Mwanao,
Manka