Mama Kulwa na Kamba Yake

Jumamosi, Geita

Afadhali. Wiki iliyopita Mjomba Masanja, mchimbaji wa miaka mingi, alijaribu kwenye simu yangu gemu ninalotengeneza la wachimba dhahabu, akanirudishia simu kwa hasira. "Mtu wa gemu lako anashuka shimoni peke yake? Kamba kashika nani?"

Iliniuma. Nikamtengeneza Mama Kulwa, mshika kamba wa ndani ya gemu, akae mdomoni mwa shimo na kamba yake, akilalamika na kuimba vibaya. Nikahofia wachezaji watampuuza, wakimbilie dhahabu tu.

Leo mjomba amecheza tena. Nilikuwa nimepanga Mama Kulwa anyamaze ghafla. Mjomba akaacha dhahabu yote chini, akapanda juu kumwangalia. Akamkuta amesinzia.

"Sasa shuka, mjomba," nikamwambia.

"Nishuke wakati kamba haina mtu? Acha mama wa watu alale kwanza."

Alikuwa ananong'ona.