Aliyenilea Moshono

Mama,

Shikamoo. Najua hapana wa kuniitikia marahaba, lakini ulinifunza nisianze maneno na mkubwa kabla sijamwamkia, na kufa hakukupunguzii ukubwa. Mungu akupe nuru huko uliko. Sisi hatujambo. Nimejifungua, Mama. Mtoto wa kiume, tumempa jina la marehemu Baba kama ulivyoagiza. Masikio pia ni ya Baba, masikini, yamesimama kama vishikio vya sufuria.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya na sina raha nalo. Nimemwita mwanamke mwingine Mama. Naogopa umekasirika, na nataka ulisikie kwangu.

Wacha kwanza nikueleze nyumba, maana uliondoka hujaiona ila kwenye simu. Ni ghorofa ya pili, huku Moshono, nje kidogo ya katikati ya Arusha. Mapazia uliyonishonea Mombasa yote yamekuwa mafupi, madirisha ya huku ni marefu ajabu, basi jirani wa mbele anajua miguu yetu sote. Baridi nayo usiseme. Mkweo Kassim anashinda Usa River akitengeneza majokofu ya shamba la maua, halafu anatoka kwenye baridi ya kazini anaingia kwenye baridi ya nyumbani, na bado anasema nchi ya watu ni nzuri. Zuhura ameshazoea shule. Juzi ameniambia kama watoto wa huku, “Aisee mama, nimechoka.” Nilitaka kumfinya, nikaishia kucheka.

Siku ile tulipokuonyesha vyumba kwenye simu uliuliza swali moja tu: “Na mimi nitalala wapi?” Tukakuonyesha chumba kidogo, ukaamuru kitanda kiondolewe dirishani kwa sababu wewe na upepo hamuelewani. Tulikisogeza siku ileile. Sasa anakilalia Zuhura.

Ulikuwa uje unilee, Mama. Ndivyo tulivyopatana. Kwa Zuhura ulinikanda kwa maji ya moto mpaka nikawa nakutukana kimoyomoyo, na siku arobaini zilipokwisha niliinuka mzima kama sijazaa. Safari hii ukaondoka mimba ikiwa na miezi saba. Nilikuja matangani na tumbo mbele, nikarudi Arusha nalo, na njia nzima nilikuwa nawaza nani atanishika. Nilimwambia Kassim nataka nikazalie kwetu. Akaniuliza taratibu, “Kwa nani?” Nilimchukia siku mbili kwa swali lile, na hakuwa na kosa.

Basi nikazalia huku. Nikarudi kwenye nyumba ya kupanga, katika mji ambao sina hata shangazi, nikaapa nitajilea mwenyewe. Unanijua nikiapa.

Mwenye nyumba wetu anaishi chini. Anaitwa Mama Aika, Mchaga wa Machame, mjane, mwanakwaya wa Kilutheri, ana sauti ya kuamsha mtaa. Nilivyotoka tu hospitali, akapiga hodi na bakuli la mtori, ile supu yao nzito ya ndizi na nyama. Akaniambia palepale mlangoni, “Nyama kachinja Mwislamu, kula bila wasiwasi.” Mama, wewe ungesema haina chumvi, kisha ungelamba bakuli. Mimi nilikula huku nalia, chumvi ikapatikana.

Sasa wewe umenilea vipi? Hukuwahi kuruhusu chombo cha jirani kirudi kitupu. Nikainuka, mshono unanivuta, nikakoroga unga, nikakaanga kaimati, nikazitia shira ya sukari, nikajaza bakuli. Zuhura akateremka nalo. Kesho yake mtori tena, nami nikarudisha viazi karai. Siku iliyofuata mahamri. Nilijiona mtu mwenye adabu zangu.

Kumbe mwenzangu huko chini roho inamwaka! Kwao mzazi hashiki hata mwiko. Anakaa ndani, analishwa, ananenepeshwa, na akionekana jikoni aibu inawashukia wanaomzunguka. Kila bakuli nililorudisha limejaa, yeye aliona namwambia kwamba hajui kulea. Siku ya mahamri alipanda mwenyewe, akapita moja kwa moja mpaka jikoni. “Mzazi wa juzi unasimama kwenye mafuta? Yesu wangu! Ndani ya nyumba yangu?” Nilijaribu kumweleza mambo ya Mombasa, hakungoja. Akafunga gesi, akachomoa mpira, akaubeba mtungi kifuani, akashuka nao.

Jioni Kassim akataka chai. Nikamwambia gesi imekamatwa. Akateremka kuidai kwa hasira zake zote, akarudi ameshiba.

Tangu hapo Mama Aika akawa anakuja kila asubuhi. Anamwosha mtoto, ananilisha, anapangusa nyumba, ananigombeza. Kukandwa tu ndiko nilikomkatalia. Nilimwambia kazi hiyo ni ya mamangu, yeye ndiye anayejua. Akauliza uko wapi. Hakuwa na habari, Mama, sikuwahi kumwambia mtu yeyote hapa. Nikamwambia. Akaketi sakafuni, mwili wote ule. Kisha akakunja mikono ya blauzi yake akaniuliza, “Alikuwa anakukandaje? Nielekeze.”

Nikamwelekeza. Maji yenye moto wa kukupigisha kelele, kitambaa, aanzie kiunoni, asisikilize ninavyolia. Alinisikiliza sawasawa, kisha akafanya ulivyokuwa ukifanya wewe. Mkono wake ni mzito kuliko wako, na wewe hukuwa na huruma hata kidogo.

Sasa nifike. Wiki iliyopita alikuwa amenipa mgongo, anamwosha mtoto kwenye beseni huku anamwimbia Kichaga. Niliona mvuke umekwisha. Nikasema, “Mama, ongeza ya moto.” Sikusema Mama Aika. Nilisema Mama, kama ninavyokuita wewe, kwa sauti ileile. Akaitika, “Haya, mwanangu,” akaongeza maji, wala hakugeuka. Mimi kitandani nikajiona kana kwamba nimeingia chumbani kwako nikachukua kitu chako nikampa mtu.

Sijakubadilisha, Mama. Wallahi sijakubadilisha. Ni kwamba tangu uondoke nilikuwa nalianza neno hilo nikishikwa na homa, nikishikwa na uchungu, halafu nakumbuka, linaishia kooni. Nilikuwa nimechoka kuwa na neno hilo na sina wa kumwita.

Kassim ameuliza kama tuongeze mkataba wa nyumba au turudi Mombasa. Nimemwambia aongeze.

Basi lala salama, mamangu. Nakuahidi, mtoto akianza kutembea nitawaleta wote nyumbani tukusomee dua. Mama Aika atakuja nasi. Nilidhani anataka kuiona bahari, nikamtania. Akasema bahari hana haja nayo. Anasema kalea mtoto wa mtu hajaenda hata kwao kujitambulisha, na jambo hilo linamkosesha raha. Mpokee, Mama.

Mwanao,
Mwanaidi