Chumvi ya Bi Mwanaisha

Faza, Jumanne, Januari 1965

Na uji wenyewe, chumvi tupu! Leo ni siku ya nne ya homa, mifupa inaniuma, na nimemwambia jirani yangu Bi Mwanaisha bila haya, "Bi, chumvi imezidi." Sijui ukali ule niliutoa wapi.

Hakukasirika. "Niwie radhi, mwanangu. Nimekisia tu. Nimefunga, sionji."

Ramadhani! Homa ilikuwa imenisahaulisha. Siku nne amewasha moto mchana kwa ajili yangu, na nyumbani kwake hakuna anayekula. Mimi ndiye niliyevuka mpaka kutoka Usambara, Biblia mkononi, kuja kuwafundisha watu hawa upendo.

Naogopa kufia hapa, mbali na mama. Sijamwambia mtu, lakini nadhani Bi Mwanaisha ameiona hofu hiyo, maana aliketi akanishika mkono.

"Umetoka ndia mbali," akasema. "Kula kidogo."

Kwa Mungu nimeomba msamaha. Mbele yake nilivuta bakuli nikala uji wote, naye ameketi pale pale akinitazama, midomo imemkauka.