Nimewakana Wanangu Maktabani

Mwenzio leo nimewakana wanangu. Usicheke kwanza, soma.

Si unajua likizo hii nawazungusha kila siku ili wasitoane macho nyumbani. Leo nikawapeleka maktaba, nikasema huko angalau watanyamaza.

Wakagombea kiti. Kiti kimoja, na viti viko arobaini. Kaka mtu akavuta, mdogo wake akamng'ata mkono, wakaangukia rafu, vitabu vikamwagika. Watu wote wakageuka.

Mama wa maktaba akasimama. "Watoto wa nani hawa?"

Mimi nikajificha kwenye gazeti. Gazeti lenyewe la mwaka juzi.

"Nimeuliza, wa nani hawa?" Nikafungua ukurasa mwingine. Mimi, mama yao mzazi.

Mkubwa akaniangalia. Akaniangalia vizuri tu. Halafu akamwambia yule mama, "Tumekuja wenyewe." Na mdogo, ambaye unamjua hana siri, akaitikia, "Ndiyo, wenyewe."

Wakaokota vitabu, wakatolewa nje. Nikanyata kuwafuata kama mwizi.

Wiki tatu nawabembeleza washikane mikono barabarani, hawataki. Leo wameshikana mpaka nyumbani. Mimi nyuma yao, na hakuna aliyegeuka.