Picha ya Mama Ilikwama Ndani ya Kompyuta Yako

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. U mzima? Mkeo na watoto hawajambo? Kikohozi chako kimepona? Sisi tunapumua, ila nimekukasirikia. Naandika kwa sababu simu unaikata. Barua huwezi kuikata.

Unaikumbuka ile kompyuta pepe uliyoniwekea kwenye chumba cha eksirei cha kituo cha afya ninapofanya kazi, kompyuta ndani ya kompyuta, ili programu yetu ya zamani isife? Uliinyima mtandao, ukaifungia na njia ya flashi, ukasema ni usalama. Kisha ukapanda ndege. Hata mstari mmoja wa maelezo hukuniachia.

Jumanne ya wiki juzi Mama alianguka bafuni. Nilimpiga picha ya nyonga kwa mikono yangu mwenyewe. Daktari wa mifupa wa hospitali kuu akaitaka picha siku ileile, kwa barua pepe. Nayo imo ndani ya boksi lako lisilo na mlango! Nilikupigia mara kumi na moja. Ukaniandikia: "Dada, hicho si kitu kidogo tu? Niko kikaoni."

Kitu kidogo. Mama analia kwenye kitanda cha magurudumu, na kwako ni kitu kidogo.

Nikamwita fundi wa mtandao. Hakuuliza mtu, akaipa mashine yako anwani ya mtandao ya kubahatisha, kumbe ndiyo ya kompyuta ya mapokezi. Mafahali wawili zizi moja! Mapokezi yakakosa mtandao, foleni ikafika barabarani, na mkuu wa kituo akanifokea mbele ya wagonjwa: "Nani alikuruhusu kuchezea mitambo?" Fundi akainama kufunga kamba za viatu.

Nilimtoa fundi, nikafunga mlango, nikasoma kwenye simu maelezo ya Kiingereza ya kompyuta pepe, kamusi pembeni. Nikaizima mashine yako, nikafungua mipangilio, nikachagua ile njia ya kuifanya itumie mtandao wa kompyuta iliyoibeba, bila kudai anwani yake yenyewe pale kazini. Nikafuta namba za fundi. Nikaiwasha. Ukurasa wa barua pepe ukafunguka! Picha ikaenda saa tisa na robo alasiri, nami nikaikata tena mtandao. Mimi huyu, uliyeniambia nisiguse kitu.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimpasua Jumatatu iliyofuata, na daktari alisema tumewahi. Jana amepiga hatua nne kwa gongo, huku akimtukana muuguzi. Ndiyo nikajua amepona.

Baba mdogo anakusalimu. Shangazi naye, ila kwa shingo upande. Wabusu watoto. Mungu akulinde, na akuzibue masikio.

Kila jioni Mama huniuliza kama umepiga. Nami humwambia umepiga, ila yeye alikuwa amelala. Nimechoka kukusemea uongo, mdogo wangu. Mpigie mama yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimefura,
Dada Mkubwa