Fungu la Mawe

Kajificheni, Mji Mkongwe
Mwezi wa Rajabu

Mdogo wangu mpenzi Hamoud,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nataraji barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na mkeo Reem, na lile goti lako liwe limepata nafuu. Ukiniuliza mimi, nipo. Moyo umechoka. Daktari aliniambia kwa maneno ya adabu sana, nikamwambia asijisumbue kunizungusha, nimepasua wanyama wengi maishani mwangu na najua moyo uliochoka ukoje. Ngazi sizipandi tena. Wameniwekea kitanda ukumbini, karibu na dirisha, na mchana kutwa nawasikia watu wakigombania njia na vespa zao. Kelele hizo zinanifurahisha kuliko dawa.

Salamu zako Khalil amenifikishia. Kijana wako ana adabu, hawezi kusema jambo zito bila ya kuangalia sakafu. Ameniambia kwamba dalali wenu, yule Sabri, amekupigia tena. Kwamba mnunuzi wa fungu langu la shamba amerudi na anataka jawabu kabla ya Ramadhani. Na kwamba baba yake anamwomba shangazi atie saini kabla ya, hapo akasita, kabla ya mambo kuwa mazito. Nikamsaidia: kabla sijafa. Akaniambia pia ulivyosema, kwamba nawathamini wanyama wa najisi kuliko damu yangu. Nakujibu kwa kalamu, maana kwenye simu wewe hupiga kelele na mimi pumzi sina.

Kwanza nikukumbushe tulivyogawana shamba la Kizimkazi alipofariki baba. Wewe ulichukua upande wa pwani wenye minazi. Mimi nilichukua upande wa mawe, penye pango. Ulicheka siku ile, ukamwambia mama kwamba dada kapewa changarawe. Sikupewa, Hamoud. Niliomba mwenyewe, na wewe ulikuwa na haraka mno ya minazi hata hukuuliza kwa nini.

Unakumbuka niliporudi kutoka chuo kikuu Dar es Salaam na kusema kwamba kazi yangu itakuwa popo. Baba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema watoto wa wenziwe wanarudi madaktari na mawakili, wa kwake amevuka bahari kusomea kiumbe asiyejijua kama ni ndege au panya. Mtaa mzima wakaniita Bi Popo, na wewe ulikuwamo, usikatae. Barazani waliniuliza kama na mimi hulala kichwa chini. Nikawajibu kwamba nimejaribu, lakini buibui hunifunika uso.

Miaka niliyofanya kazi Kizimbani, kwenye shamba la utafiti wa kilimo, nilikuwa nikitega nyavu katikati ya mikarafuu, na wafanyakazi wa shamba wakinilalamikia kwamba popo wangu wanawamalizia matunda yao ya mashokishoki. Wanakula kweli, sikuwahi kuwakania. Lakini nilikichambua kinyesi chao mbele ya watu, nikawaonyesha mbegu za mvule, nikasema miti ya baadhi ya milango mnayojivunia mjini ilipandwa na hawa mnaowatupia mawe. Wengine walinielewa. Wengine walisema mwanamke akisoma sana bila ya kuolewa huwa hivi.

Kisha ukaja ule mwaka wa hofu ya popobawa, yule jini aliyesemekana kuwavamia watu usiku majumbani, watu wakilala nje kwa makundi. Wanaume wa mtaa walikuja mlangoni kwangu na fimbo, wamesikia kwamba nafuga. Ni kweli nilikuwa nao wawili katika tundu. Nikatoka na mmoja mkononi, nikampitisha chini ya pua zao, nikawauliza kama ndiye huyu anayewakosesha usingizi. Mzee mmoja alimtazama sana, akasema huyu si yeye, ila huenda wana ujamaa. Wakacheka, wakaenda zao. Baada ya hapo nilizunguka skuli za Unguja mpaka nikastaafu, nikiwaambia watoto jambo moja: popo hana jini wala uchawi, ni mnyama anayemnyonyesha mwanawe kama mama zenu walivyokunyonyesheni.

Nayaeleza haya ili upate kuelewa ninayotaka kukwambia.

Sabri alikuja kwangu mwaka jana na kipande cha halwa. Akaniambia kwamba tajiri wake atalitengeneza pango, atalitia sakafu ya saruji, taa za rangi na viti, wageni wa hoteli wakae ndani wanywe vinywaji vyao. Nikamuuliza popo watakwenda wapi. Akasema, Bi Sheikha, popo hakosi pa kwenda, ana mabawa. Nikamwambia na wewe una miguu, itumie. Halwa niliibakisha.

Hajui, na wewe hujui, kwamba majike wa pango lile huzaa wote kwa msimu mmoja. Vitoto havijui kuruka, vimeng'ang'ania mwambani. Ingiza taa na vishindo, mama zao watakimbia navyo vitaanguka chini kama matunda mabichi. Nilikueleza haya kwa simu. Ukasema sawa dada, kisha ukamruhusu Sabri apeleke mafundi wakaanze kuvunja mawe, kwenye fungu langu, ukitumaini kwamba mwisho nitalegea.

Wale mafundi walikuta vitambaa vyeupe, vyekundu na vyeusi vimetundikwa mdomoni mwa pango, chetezo kina ubani, na yai juu ya jiwe. Wakajua pale pana mzimu, wakatupa sururu zao, wakarudi mjini, na hakupatikana fundi mwengine wa kukubali kazi ile. Ulinipigia ukiwa na hasira, ukawatukana watu wa Kizimkazi, ukawaita washirikina. Mimi nikakuacha uwatukane.

Hawakuwa wao, Hamoud. Ni mimi.

Vitambaa nilivinunua sokoni Darajani. Chetezo ni cha mama. Nilikwenda asubuhi na mapema, kabla mafundi hawajafika, na mkongojo wangu, nikatundika kimoja kimoja kwa mkono huu unaokuandikia. Sichana, yule anayeuza pweza njiani, alinikuta bado nimo kazini. Akavitazama vitambaa, mikunjo ya dukani haijanyooka, akaniuliza, Bi Sheikha, mzimu wako umenunuliwa leo leo? Kisha akasema yeye hakuona mtu. Na kijiji kizima hakikuona mtu, maana ukuta wa hoteli ungewazibia njia yao ya kwendea pwani.

Sisemi kwamba haikuniuma. Maisha yangu yote nimewahubiria watu ukweli na wamenisikiliza nusu nusu, na kwa vitambaa vya bei ya kilo ya sukari nikawashinda wote asubuhi moja. Sasa wapo wanawake wanaokwenda pale kweli, wenye nadhiri zao. Nimemwomba Sichana awaambie wafukize nje, moshi usiingie ndani. Nimetubu kwa Mola wangu kwa ule ubani, na jambo hilo ni baina yangu na Yeye. Kwako wewe sitaki msamaha. Nikipata miguu leo, nitakwenda tena, na safari hii vitambaa nitavipiga pasi kabla.

Najua utamwendea shekhe kumuuliza kama aliye katika maradhi ya mauti anaweza kutoa zaidi ya thuluthi ya mali yake. Usipoteze nauli. Fungu langu la Kizimkazi nimeliweka wakfu tangu mwaka jana, nikiwa mzima, napanda ngazi zangu mwenyewe, mbele ya mashahidi. Pango libaki kama lilivyo kwa ajili ya viumbe vilivyomo, na watu wapite njia yao kwenda pwani. Haliuziki, halirithiki. Minazi yako iuze ukitaka.

Na msimamizi wa wakfu huo ni mwanao Khalil. Ndiye aliyenipeleka kwa gari asubuhi ile ya vitambaa, akidhani tunakwenda kupima shamba kwa ajili ya mauzo yako. Nilipotoka kwenye gari na chetezo alitaka kunirudisha. Nikamwambia aingie kwanza pangoni, kisha aniamulie. Akakaa humo muda mrefu, na alipotoka alinishikia ngazi nitundike vitambaa. Tangu hapo anabeba maneno yako kuja kwangu, na anashindwa kubeba yangu kuja kwako. Jana nimemuuliza kama niandike. Akaangalia sakafu, akasema, andika, shangazi.

Basi usimfokee kijana. Hasira zako zote zilete kwangu, tena ufanye haraka.

Nisalimie sana Reem, mwambie kitambaa cha kanga alichoniletea ndicho ninachojifunika. Wajukuu wapigie busu kila mmoja. Wote hapa wanakusalimu, na jirani wa juu anauliza lini utakuja. Nimemwambia karibuni.

Wassalaam,
Dada yako akupendaye, mkaidi kama ulivyomjua,

Sheikha