Tulipobaki Kumi

College Park, Maryland
Jumatatu asubuhi

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mjukuu wako Nekesa. Kifua kinaendeleaje tangu mvua zianze? Na yule ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, amezaa salama? Sisi hatujambo. Nakuomba usome barua hii ukiwa umeketi, maana nina neno la kuungama. Ile ahadi niliyokupa baada ya kupasuliwa goti, kwamba sitashika gongo tena, nimeivunja. Usianze kunigombeza kabla hujafika mwisho.

Unaijua klabu yangu ya kamogi, ule mpira wa magongo wa wanawake wa Ayalandi ambao wewe huuita vita. Sasa ina miaka ishirini. Niliikuta katika mwaka wake wa kwanza, nami wangu wa kwanza huku, nikihudumia wazee katika makao fulani kule Annandale, bila rafiki hata mmoja. Siku moja nikitoka kazini niliona wanawake uwanjani na magongo, nikasimama. Mwanzilishi wao, Nora, akaniuliza kama nimewahi kucheza. Nikajigamba kwamba niliichezea shule yetu hoki hadi mashindano ya mkoa. Sikujua kwamba wao huupiga mpira ukiwa hewani. Kila nilipotaka kuinua gongo juu ya bega, nilisikia kichwani filimbi ya mwalimu wetu wa michezo, maana kwenye hoki hilo ni kosa, nikaliteremsha. Msimu mzima niliupiga mpira chini kwa chini, wakanicheka mpaka nami nikajicheka.

Hao ndio walionibeba, Mama. Nekesa alipozaliwa walipokezana kunipikia, na baba yake alipotuacha, Nora alikuja na gari lake akatuhamisha. Uwanja wa kwanza tuliondolewa walipojenga maduka, tukahamia Arlington, kisha huku. Kombe tulilibeba mara moja tu, mwaka wa tisa. Picha yake unayo ukutani. Halafu ikaja korona, uwanja ukafungwa, wengine wakarudi kwao, wengine wakahama kwa sababu kodi za nyumba hapa hazishikiki. Tangu hapo tumekuwa tukipungua kama kipande cha sabuni.

Mwaka huu maji yalitufika shingoni. Mwezi wa tano tulishindwa kufikisha wachezaji kumi na mmoja, mechi ikafutwa. Ligi ikatuandikia kwamba tukikosa tena tutaondolewa. Na tukiondolewa, uwanja hupewa wengine, na hapo klabu imekufa. Nikampigia simu mama mchungaji wa huko nyumbani aniombee wiki nzima, bila kumweleza sababu.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Walifika kumi. Wa kumi na mmoja ni muuguzi, akapiga simu kwamba aliyepaswa kumpokea zamu hakutokea, na hawezi kuwaacha wagonjwa. Refa akatupa robo saa. Nora, ambaye sasa hutembea na mkongojo, alisimama akitazama barabara. Mimi nilikuwa na chupa za maji na sanduku la huduma ya kwanza, kazi yangu tangu goti.

Nekesa, anayecheza ulinzi, akanijia. Unamjua, ukimsemesha Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Jana alijikakamua, ili wenzetu wasielewe.

"Mum, jina lako bado liko kwa list. Niliiona."

Nilishikwa na aibu. Mimi ndiye katibu. Kila Januari kazi yangu ni kufuta majina ya walioacha kucheza, na asiye kwenye orodha haruhusiwi kuingia uwanjani. Nimewafuta wote bila huruma, lakini kwa langu mkono ulikataa. Miaka miwili nimejiacha humo kimyakimya, mwanamke wa miaka arobaini na tisa. Mtoto alijua, na hakunitania hata siku moja.

Nikamwambia kwamba nilikuahidi wewe, kukhu wake.

"Kukhu ata-forgive," akasema. "Vaa helmet."

Refa alituhesabu mmoja mmoja. Aliponifikia alitazama mvi zangu, akatazama orodha, akasema kumi na mmoja. Na kabla hujauliza, daktari aliniruhusu kukimbia tangu mwaka jana. Aliyekataa ni wewe.

Tulipigwa, Mama. Tulipigwa kama ngoma. Mpira ulinifikia mara mbili, na mara zote mbili niliwapa wapinzani. Lakini filimbi ya mwisho ilipolia tulikumbatiana na kulia, hata wale walioshinda wakabaki wanatazamana. Sijui lini mara ya mwisho nilipumua vile. Usiku wachezaji wawili waliohamia mbali baada ya Januari, ambao majina yao bado yamo kwenye orodha, wakaniandikia kwamba watakuwa wakija mechi zote zilizobaki, kwa hiyo mimi narudi kwenye chupa zangu. Goti halijavimba, nimelikagua mara tatu.

Nisalimie kaka yangu Wafula, na umwambie asiongeze chumvi akiwasimulia watu haya. Msalimie shangazi anayekukamulia ng'ombe, na mama mchungaji, kwa maombi yake ya wiki nzima.

Barua hii naiandika juu ya daftari la klabu, ambamo kila mechi ya miaka hii ishirini imo. Leo asubuhi nimeandika ya jana, na magoli yote tuliyofungwa, sikuficha hata moja. Kisha nikageuza ukurasa, nikaandika tarehe ya Jumapili ijayo, nikalia tena.

Ni mimi bintiyo,
Nasimiyu